Mjomba wako nani? Tulivyofuata ukoo wa mama mmoja kutoka Kirungu paka Mpala



Kwenye mkutano mkuu wa mwisho kuna waliosimama wakauliza: komite ya historia imeenda Mpala mara tatu kwa mashua ya motere, benzine imelipwa na sanduku la chama, na faida yake iko wapi? Wengine walisema afadhali feza ile ingenunua mbegu. Hatukukasirika. Ni haki ya mwanachama kuuliza feza imekwenda wapi, na njo sababu tunaandika leo. Tutaeleza habari ya mama mmoja tu, mwenzetu katika chama. Jina lake hatulitaji, wala majina ya watu wa nyumba yake. Yeye mwenyewe alituomba hivyo, na mkisoma paka mwisho mtaelewa kwa nini.

Mama huyu alizaliwa mwaka wa uhuru, 1960. Vita ya 1998 ilipofika pande za Moba, alikimbia na watoto wanne pamoja na mama yake mzazi, wakaingia Zambia, wakakaa kambi ya Mwange. Mama mzazi alifia kule na kaburi lake liko kule. Mwaka 2008 mwenzetu alirudi kwa boti iliyotoka Mpulungu. Alishuka bandari ya Moba akiwa na sufuria, blanketi na karatasi ya HCR mkononi. Akapanda mlima paka Kirungu, kisha akashuka kwenye bonde ambako mama yake na nyanya yake walilima maisha yao yote. Alikuta mihogo ya mtu mwingine imefika kiunoni.

Mwenye ile mihogo ni mzee wa palepale. Hakuwa mgeni wala mwizi. Alisema alilima shamba lililogeuka pori, na hilo ni kweli, kwa sababu miaka kumi hakukuwa na mtu. Lakini pori lilipopata mwenyewe tena, mzee hakutoka. Kesi ikawa ya kulala wakati wa kiangazi na kuamka kila mvua ya kwanza, miaka kwa miaka. Sisi tuliingia ndani yake siku ile mama alipotuomba tumsindikize kwenye baraza, maana alikuwa amechoka kwenda peke yake.

Siku ile mzee alisema vizuri sana, lazima tukubali. Alisimama akahesabu wajomba zake mmoja mmoja, kutoka aliye hai paka wale wa kale, kila mmoja na mlima wake na kazi yake. Akafika kwa mjomba mmoja aliyekwenda kubeba mizigo katika vita ya Tabora, ambaye alirudi hai, akasafisha bonde hilo na kupanda mstari wa miembe ambayo ingali imesimama. Katibu wetu aliandika yote kwenye daftari, bila kujua anaandika nini. Halafu mzee akamgeukia mama:

"Weye mujomba yako ni nani hapa? Nkambo yenu alikuyaka mu mikono ya bamupe. Muko batu ba misheni."

Watu walinyamaza. Kila mmoja pale alisikia neno ambalo mzee hakulitamka. Neno lenyewe ni mtumwa.

Wafadhili wetu wa mbali wanahitaji maelezo kidogo hapa. Watabwa, ambao ni wenyeji wa Marungu na pwani hii, wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni ndugu ya mama, yaani mjomba. Shamba linapitia kwake, jina linapitia kwake, na mtu akifa ni yeye anayeitwa kwanza. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Vizuri. Lakini mtu akigombania bonde kijijini, shefu hafungui kitabu cha sheria. Anauliza: mjomba wako nani? Mwenye kukosa jibu anaweza kuwa na karatasi kumi na bado akatoka mikono mitupu. Ile karatasi ya HCR ilionyesha jina la mama, hesabu ya watoto na mahali anaporudi. Haikuonyesha anatoka kwa nani. Na mama alikuwa kimya kwa sababu hakujua. Mama yake hakumwambia kitu. Alipokuwa mtoto aliuliza mara moja, akapewa kazi ya kuchota maji.

Basi tulianza na walio hai, kama inavyotakiwa. Ndugu mdogo wa mama yake mzazi angali yupo. Alizaliwa mnamo 1942 na hakuvuka kwenda Zambia. Vita yote aliipitia akijificha kule juu Marungu. Tulimkuta anachambua dagaa. Kosa letu la kwanza lilikuwa kumuuliza miaka. Alituangalia akasema, "Myaka siijue. Mambo minajua." Kutoka pale tukabadilisha maswali. Tuliacha kuuliza "mwaka gani" tukawa tunauliza "ilikuwa wakati wa nini". Wenzetu ambao mtafanya kazi hii kwenu, shikeni hilo. Ukiuliza mwaka, mzee ataona aibu au atakupa namba yoyote akufurahishe. Ukiuliza jambo, atakupa jambo, na mwaka utautafuta wewe mwenyewe baadaye.

Dada yake, yaani mama mzazi wa mwenzetu, alikuwa na mimba ya mwenzetu wakati "Tshombe alikata Katanga." Huo ni Julai 1960. Mama yao wao, ambaye ni nyanya wa mwenzetu, alikuwa mtoto mchanga mgongoni wakati watu walikuwa bado wanahesabu nani amerudi kutoka vita ya Wadachi na nani hakurudi. Tukaweka 1918. Nyanya yao, yule bibi wa nne kwenda juu, aliolewa kabla kidogo ya vita ile, na meli zilipopigana ziwani alikuwa tayari na nyumba yake. Hapo mtu anaweza kukanyaga kwa nguvu, kwa sababu vita ya meli ina tarehe. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazivuta nchi kavu kupitia Katanga paka ziwani karibu na Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata meli ya Wadachi iliyoitwa Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Baada ya hapo njia ya maji ikafunguka, askari wa Wabeleji wakaelekea ng'ambo, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora.

Askari hawaendi Tabora bila chakula na risasi, na vitu hivyo havina miguu. Walibebeshwa watu. Vijana wengi wa mashariki ya Kongo walichukuliwa kwa ile kazi, na wengi hawakuonekana tena, si kwa risasi tu bali kwa kuhara, baridi na njaa. Mume wa yule bibi alikuwa mmoja wa waliochukuliwa. Mama mdogo alisema: "Nkambo mwanaume alirudiaka na mugongo ya kupinda. Njo alipandaka ile miembe."

Katibu wetu alisimamisha kalamu. Akafungua kurasa za nyuma za daftari, zile za siku ya baraza, akatusomea. Ni mtu mmoja. Jina ni lilelile, bonde ni lilelile, miembe ni ileile. Mpagazi ambaye mzee alijivunia kuwa mjomba wa ukoo wake ndiye aliyekuwa mume wa bibi wa mwenzetu.

Tulifurahi mapema mno. Mtu mmoja wa komite, anayejua desturi kuliko sisi wengine, alitukata furaha palepale: mume si kitu. Kwa Watabwa watoto hawafuati baba. Ukisema babu yangu alipanda miembe, utaambiwa babu yako alikuwa mgeni kwenye nyumba ya mke wake, na watoto walirudi kwa mjomba wao. Swali la mzee bado lilikuwa wima. Yule bibi, mke wa mpagazi, mjomba wake alikuwa nani? Yaani mama yake alitoka wapi?

Mama mdogo alijua mambo mawili tu juu ya huyo wa tano. La kwanza, alikufa kwa ugonjwa wa usingizi akiacha binti mdogo, na masere ndio waliomlea yule binti. Hilo linaingia vizuri katika historia. Miaka ya mwanzo ya 1900 malale yalifagia pwani ya Tanganyika, vijiji vizima vikabaki mahame. La pili, alikuja Mpala akiwa mtoto, kwa mashua ya mapadri kutoka Ujiji. Njo vile tukafika Mpala, na hapo ndipo benzine yenu ilipokwenda.

Lazima tuseme habari za Mpala, kwa sababu vijana wetu wanapaona kama kijiji cha samaki tu. Mwaka 1876 Leopold II alikusanya watu huko Brussels wakaunda chama cha kimataifa cha Afrika, kwa maneno mazuri ya sayansi na ya kuzuia biashara ya watumwa. Mwaka 1883 ofisa wa chama hicho, Émile Storms, alijenga ngome Mpala, mahali ambapo mto Lufuko unaingia ziwani. Kule juu alikuwapo Lusinga, shefu mwenye bunduki, aliyeteka watu na kuwauza kwa wafanyabiashara. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia Lusinga na kumkata kichwa. Storms alikibeba kichwa kile paka Ubelgiji, na fuvu liko Brussels hadi leo. Sisi hatumlilii Lusinga kwa aliyowatendea jirani zake. Lakini fuvu la mtu kukaa kabatini zaidi ya miaka mia moja ni jambo jingine, na wajukuu wake wana haki ya kulisemea. Tutaliandikia siku nyingine.

Mwaka 1885 Storms aliitwa arudi kwao, na Mpala ikapewa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1887 akaja Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, akapanga vijana wenye bunduki kulinda watu wa misheni dhidi ya wateka watu. Misafara ilikuwa bado inatoka magharibi, kutoka Urua na Manyema, ikielekea ziwani ili kuvuka kwenda Ujiji. Mapadri walinunua watoto kutoka misafara ile, kwa nguo na shanga. Waliita kazi hiyo kukomboa. Watoto walilelewa kwenye nyumba ya yatima, wakafundishwa kusoma, kuomba na kulima. Wakifika umri, kijana aliyekombolewa aliozwa msichana aliyekombolewa, wakapewa jembe na kiwanja katika kijiji cha Wakristo. Mwaka 1893 misheni kubwa ilianzishwa Kirungu, ikaitwa Baudouinville, na wengi wa Mpala wakahamia huko.

Tumejadiliana sana katika komite kama wale mapadri walitenda wema. Mtoto aliyenunuliwa Mpala hakuuzwa Ujiji, na hilo si dogo. Lakini hakuna aliyemrudisha kwao, na pengine isingewezekana. Alibaki mtoto wa misheni, katika nchi ambayo mtu bila mjomba ni sawa na mtu bila mlango wa kuingilia.

Daftari la ubatizo tulilionyeshwa katika safari ya pili, kwa ukarimu wa waliolitunza. Kurasa zimeliwa na mende pembeni, wino umekuwa rangi ya chai. Tulikuwa na jina la ubatizo tu, na wasichana wenye jina hilo walikuwa wengi. Kilichotusaidia ni mume wake, ambaye mama mdogo alijua jina lake pia. Tulipata ndoa yao kwanza, na kutoka ndoa tukarudi nyuma kwenye ubatizo. Ulikuwa wa 1890. Umri umekisiwa, miaka kumi na miwili. Nafasi ya majina ya wazazi haina kitu. Pembeni imeandikwa kwamba alikombolewa hapohapo Mpala, na kwamba ni Mrua.

Kardinali Lavigerie alikuwa ameweka sheria ya miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Ukitoa minne kwenye 1890 unapata 1886, na mtoto wa miaka minane. Binti yake alizaliwa 1898, na malale yalimchukua yeye mnamo 1906. Kwa hiyo naye alimwacha mtoto wa miaka minane. Tulihesabu mara mbili tukidhani tumekosea.

Angalieni pia kwamba daftari na mama mdogo hawapatani. Nyumbani wanasema alitoka Ujiji kwa mashua, daftari linasema alinunuliwa Mpala kutoka msafara. Sisi tumefuata daftari, kwa sababu liliandikwa na mtu aliyekuwapo. Lakini hatusemi familia ilidanganya. Watoto wengine wa nyumba ile ya yatima walinunuliwa kweli Ujiji. Walilala pamoja, wakasimuliana usiku, na hadithi ya mmoja ikawa ya wote. Mtoto wa miaka minane aliyetembea wiki nyingi katika pori hawezi kujua alipita wapi. Mashua angalau ni kitu cha kusimulia.

Katika daftari lilelile kuna watoto waliosoma baadaye katika shule za misheni hii na kufika mbali. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alipewa upadri Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza katika Kongo yote, na kabla ya hapo alikuwa ameshaandika kwa Kifaransa juu ya fikra za watu wake. Kaoze alikuwa na ukoo unaojulikana na milima yake. Huyu binti wetu ana mistari mitatu ya wino basi.

Sasa neno Mrua. Wasafiri wa kale waliita Urua nchi ya Waluba wa huku Katanga. Neno moja pembeni ya ukurasa ni kitu chepesi. Msimamizi wa msafara angeweza kusema lolote ili auze. Tungeacha hapo kama si jambo dogo lililotokea kwenye mkutano wetu wenyewe. Mwenzetu alikuja na mjukuu, na yule mtoto akamwita "lolo." Tulidhani ni jina la kubembeleza. Mama alicheka akasema nyumbani kwao bibi anaitwa hivyo tangu zamani, na majirani waliwachekaga kisimani kwa sababu hakuna nyumba nyingine inayosema hivyo. Kuna mwanachama wetu, Mluba wa upande wa Manono, alikuwa amekaa mlangoni anasubiri zamu yake ya mkopo. Akasema: "Lakini ile ni Kiluba. Lolo ni mama."

Tulimwomba arudie. Akarudia, na alishangaa kwa nini tunamwangalia vile.

Yule binti alichukuliwa na miaka minane. Akajifunza Kiswahili cha misheni, akajifunza Kitabwa, akasali Kilatini. Alipozaa alimfundisha mtoto wake amwite kwa neno aliloliita la kwake. Mtoto alilishika miaka minane, akafiwa, akalelewa na masere, na alipozaa naye akawafundisha watoto wake lilelile. Wajukuu waliposikia mama zao wanamwita bibi "lolo," wakafikiri maana yake ni bibi. Hivyo limefika paka kwa mtoto wa mwaka jana. Nyumba ile ilipoteza kila kitu cha Uluba, hata haikujua kwamba imetoka Uluba, ikabaki na neno moja.

Na hapa kuna jambo linalochekesha na kuuma pamoja. Waluba wa kule wanahesabu kwa baba. Yule mtoto, hata kama angekumbuka watu wake wote, asingekuwa na jibu la swali la mjomba kama linavyoulizwa hapa, kwa maana kwao ukoo haupiti huko. Na jina la baba yake halikuandikwa.

Kwa hiyo tulikuwa na ukweli ambao haukutusaidia kesi. Tulikuwa tumethibitisha kwa wino alichosema mzee: alikuja mikononi mwa mapadri, hana mjomba. Kijana mmoja wa komite alishauri tufunge daftari tusiseme kitu. Tulikaa na hilo wiki mbili.

Aliyetutoa ni mzee mwingine, wa kule juu, ambaye tulimtembelea kwa jambo la desturi tu, bila kutaja kesi. Tulimuuliza: zamani, mwanamke asiye na ukoo akiolewa na Mtabwa, watoto ni wa nani? Hakufikiri hata kidogo. Akauliza kwanza: "Mahari alikula nani?" Tukasema, hakuna. Akasema basi watoto ni wa ukoo wa mume. Kama hakuna mjomba wa kupokea mahari, hakuna mjomba wa kudai watoto. Mume anakuwa baba na mjomba pamoja, na ukoo wake unaongezeka. Alieleza kwamba ndiyo sababu wakubwa wa zamani walipenda kuoa wanawake wa aina hiyo: kwa mke mwenye ndugu unazalia watu wengine, kwa mke asiye na ndugu unazalia kwako. Wataalamu walioandika juu ya makabila yanayofuata mama, hapa Afrika ya kati, wameandika jambo hilohilo.

Tulirudi mbio kwa mama mdogo. Mahari ya nkambo alikula nani? Alijibu kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi: hakuna aliyekula. Kijana alichoma matofali ya misheni msimu mmoja, masere wakampa mke, kwisha.

Basi yule binti wa masere, na mtoto wake wa 1918, na wote waliofuata kwa upande wa mama paka mwenzetu wa leo, ni watu wa ukoo wa mpagazi. Na ukoo wa mpagazi ni ule ambao mzee aliuhesabu kwa sauti mbele ya baraza zima. Aliyeuliza "mjomba yako ni nani" ni mjomba wake.

Baraza la pili halikuwa refu. Katibu alisoma maneno ya mzee kama yalivyo, kisha maneno ya mama mdogo, kisha tukaonyesha picha ya ukurasa wa daftari. Mzee wa kule juu alikubali kuja, akasema desturi yake. Shefu alicheka paka akafuta macho. Mwenye mihogo hakucheka. Baadaye alisema, "Kama ni vile, ni vile," na hakuna aliyemlazimisha kusema zaidi. Bonde liligawanywa kwenye mfereji: juu kwa mzee, chini penye miembe kwa mama, na karatasi ikaandikwa ikapigwa muhuri. Sisi tunaona mgawanyo haukuwa wa haki. Sehemu ya juu ndiyo inayoshika maji ya mfereji, na wakati wa kiangazi mama atalima kwa ruhusa ya mjomba wake mpya. Tulisema hivyo palepale, tukaambiwa tumeshinda, tukae chini.

Mama mwenyewe hakushangilia. Alituambia njiani: "Miye sikutafuta mujomba. Nilitafuta shamba."

Na nyumbani kulikuwa na vita nyingine. Mtoto wake wa kwanza, aliyekulia kambini na kusoma huko, alikuja ofisini kwetu na hasira. Alisema tumeshinda shamba kwa kutangaza kwamba bibi yao alinunuliwa kwa nguo, na sasa watoto wake watatukanwa shuleni. Hatukuwa na jibu zuri. Ni kweli kwamba hoja iliyorudisha shamba ni ileile iliyotumika kulinyang'anya. Tuliigeuza upande wa pili tu. Kama wanachama mna mawazo juu ya jambo hili, leteni, kwa sababu nyumba za namna hii si moja pwani hii. Tunajua nyingine sita ambazo zinakaa kimya, na zote zina kesi. Mama aliwakusanya watoto, wakazungumza siku mbili, na mwishoni akatuambia tuandike, bila majina. Alitaka lile la lolo lisiachwe.

Mwanachama wetu wa Manono anasafiri kwao mwezi ujao, na amesema atawauliza wazee kuhusu misafara ya wakati ule. Tumemwomba asimwahidi mama chochote.

Kuhusu feza: benzine ya safari tatu, karatasi, na posho ya mzee wa kule juu zimeandikwa katika kitabu cha mweka hazina, kila mwanachama anaweza kuja kusoma. Gharama ya kupima shamba kwa ajili ya hati bado haijapatikana, na bila kipimo ile karatasi ya shefu ni ya shefu huyu tu. Kwa sasa imo katika sanduku la chama. Mvua ya kwanza mama alipanda maharagwe chini ya miembe. Mjomba wake alimtuma mjukuu kumsaidia siku moja. Siku ya pili hakuja.